Picha ya Kumi na Tisa

Nakutegea, nawe usikimbilie kujibu. Nina kisu ambacho hakuna mhunzi aliyekifua. Hakina makali, hakina mpini, na kikikata hakitoi sauti. Ala yake ni mdomo wangu.

Nawajua, wajukuu zangu. Nusu yenu mmeshasema "ulimi." Siyo. Na msihangaike kunipa mji, maana wangu ninao. Ni Edinburgh, mwaka wa hamsini na nane, na humo nilikula vya uchungu na kunywa vya uchungu kabla sijalipata jibu.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: mimi, Elspeth Gillanders, niliyetoka shule nikiwa na miaka kumi na minne, nilikuwa natunza vitabu vya Bwana Ludovic Haldane. Alikuwa mzee asiye na mke wala mtoto, akiishi na dada yake, Bi Euphemia, ambaye ndiye aliyenifungulia mlango siku nilipofukuzwa kwingine na kibegi changu kikiwa kimelowa chapachapa. Vitabu vyote vya bwana vilikuwa vya safari, vikuukuu, vyenye picha zilizopakwa rangi kwa mkono, moja moja. Na kimoja kilimnyima usingizi: *Safari za Kapteni Strachan katika Milima ya Andes*. Picha zake ni thelathini. Chake kilikuwa na ishirini na tisa.

Iliyopungua niliipata mimi. Ya kumi na tisa: daraja la kamba juu ya korongo, na mtu mwenye blanketi jekundu katikati yake. Ilikuwa ndani ya bunda la karatasi chakavu nililolibeba kwenye soko la mitumba la kanisa. Niliishona kitabuni, bwana akalia mbele yangu kama mtoto.

Bado nilikuwa nimevimba kichwa kwa sifa, zikanifikia habari kwamba kaka yangu Lachlan, mlinzi wa chumba cha kusomea katika maktaba ya wanachama, amekamatwa. Kitabu cha maktaba kimekatwa picha. Kitabu gani? Cha Kapteni Strachan. Picha ipi?

Mnaijua.

Ijumaa nilikwenda kwake. Walikuwa wamemwachia hadi Jumanne, siku ya kesi. Shemeji yangu Morag alikuwa anakoroga supu ya kondoo kama mtu anayepiga vita na sufuria.

"Dada, mimi hata gazeti nalisoma kwa kidole," Lachlan akasema. "Nikate picha niipeleke wapi? Nikaibandike chooni?"

"Wanasemaje?"

"Wanasema ufunguo wa kabati ninao mimi peke yangu. Visu, mikasi, hata kalamu za wino, watu huniachia mlangoni. Sasa wananiuliza: kama hakuna aliyeingia na kisu ila wewe, nani kakata?"

"Watakufunga?"

"Bwana Drummond, katibu wetu, kasema si chini ya miezi sita. Na hivi vyumba tulivyomo ni vya kazi. Kazi ikienda, navyo vinakwenda."

Morag akageuka, mwiko mkononi. "Watoto wanne, wifi. Wewe si fundi wa kushona vitabu? Basi tushonee na hili."

Nilicheka kidogo. 

"Lakini kuna tumaini," kaka akaendelea. "Picha yetu haiwezi kufichika. Ina kitundu cha mdudu, hapa, kwenye anga, pembe ya kulia. Mdudu alianza picha ya kumi na saba akatokea ya ishirini na mbili. Ikipatikana yenye kitundu mahali hapo, ndiyo hiyo hiyo. Kisha ataulizwa aliyenayo aliipata kwa nani, na mimi nitoke."



Kile kitundu nilikuwa nimekiziba.

Naungama mbele yenu kama ninavyoungama kwa Mungu: hakuna aliyeniagiza. Kitabu cha bwana hakikuwa na hata tundu moja la mdudu, na picha yenye tundu katikati ya karatasi nzima ni kama mgeni aliyekuja harusini na kiraka gotini. Fundi hawezi kuliacha. Nilisaga karatasi ya kale ikawa uji, nikachanganya na wanga, nikajaza kwa ncha ya sindano. Ilipokauka nikapitisha bluu mara mbili, nyepesi, mpaka anga likaungana. Picha zile zilipakwa na wanawake waliokaa meza moja, huyu bluu kutwa, yule nyekundu kutwa, na siku ile nilijiona mmoja wao.

Nilikuwa naziba mdomo wa shahidi pekee wa kaka yangu.

"Mbona umenyamaza?" Lachlan akauliza.

"Supu ina moto," nikasema. Sikuwa hata nimepewa bakuli.

Sikumwambia. Niliogopa kuitwa mpokea vya wizi, na niliogopa kurudi barabarani na kibegi changu. Hayo nayo yaandikeni.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Mzee Farquhar Rennie, muuza vitabu wa mtaa wa West Port, aliyenifunza kushika sindano na gundi.

"Aaa, malkia wa gundi!" akaniita kutoka juu ya ngazi yake. "Umekuja kutusalimia sisi maskini, au huko kwa wakubwa wamekosa biskuti?"

"Mzee, nina swali."

"Swali bila keki? Haya, sema."

"Mtu anawezaje kukata picha katika chumba chenye mlinzi, bila kisu, na asisikike?"

Akashuka ngazi moja moja. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Umesikia ya kaka yako."

"Nimesikia."

"Kisu ni cha mchinjaji, Elspeth. Keti."

Akachomoa uzi wa sufu kwenye ukingo wa blanketi lake kuukuu. Akautia mdomoni, akautafuna polepole huku akinitazama. Kisha akachukua kitabu kibovu cha mahubiri, akaulaza ule uzi uliolowa mate kwenye mshono, pale karatasi inapoungana na mgongo, akakifunga.

"Sasa tunywe chai," akasema.

Tulikunywa chai. Sijapata kunywa chai ndefu kama ile. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na kile kitabu kimelala kati yetu kama mgonjwa.

Akaweka kikombe chini, akakifungua, akaishika ile karatasi kwa vidole viwili. Ikatoka. Haikuchanika, haikulia. Ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Nawapa jibu lenu, wajukuu: uzi wa sufu.

"Mwizi hukaa akasoma," Mzee Rennie akasema. "Hukohoa kidogo, hufuta miwani. Akiondoka, picha imo ndani ya koti, na mlinzi anamfungulia mlango na kumtakia heri. Nimeona kesi tatu za namna hii maishani mwangu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na njaa. Mwenye njaa huiba mkate."

"Huyu anaiba kwa nini basi?"

"Kwa kupenda. Jichunge na watu wa kupenda, mwanangu."

Nikasimama kuondoka. Mlangoni nikageuka. "Na kitundu kikizibwa vizuri, mzee, kinakufa?"

 Nadhani alielewa yote pale pale, Mungu amrehemu.

"Kwa macho kinakufa," akasema. "Kwa mwanga hakifi. Inua karatasi dirishani, kiraka kitakukodolea macho."

Njia nzima ya kurudi, ukungu wa bahari ulikuwa umeshuka hadi kwenye viatu, na kila hatua nilikuwa naiona skafu ya kijivu.

Skafu hiyo niliifuma mwenyewe, zawadi ya Krismasi kwa Bwana Haldane. Ilining'inia kwenye msumari wa mlangoni, na siku ya ukungu anayetoka huichukua. Mara tatu tangu mwaka uanze nilikuta shada la nyuzi la ukingo wake limepungua, uzi mmoja umevutwa wote kama mshipa. Mara ya tatu niliuliza wakati wa kifungua kinywa:

"Jamani, nani anachomoa nyuzi za skafu?"

"Panya," bwana akajibu nyuma ya gazeti.

Bi Euphemia aliinamia bakuli lake. Aliendelea kukoroga uji wake uliokwisha kupoa. Swali likabaki mezani, nikaliondoa pamoja na vyombo.

Sasa, ndani ya ukungu, nilijiona mjinga wa kutupwa. Panya gani wa kwenda maktaba? Nani katika mji huu alikuwa anaililia ile picha miaka arobaini na tisa?

Jumapili ikafika.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake, nami niliizoea kama watu wanavyozoea kikohozi cha babu. Kila Jumapili baada ya kanisa, kitabu cha Kapteni Strachan kilitolewa. Bwana alishika orodha ya picha iliyochapwa mbele ya kitabu, ameinakili kwenye karatasi yake. Bi Euphemia aligeuza kurasa. Bwana alitaja namba, dada yake aliitikia "Ipo," mimi nikasimama pembeni na kitambaa cha vumbi. Ikifika kumi na tisa, bwana alitaja. Kimya. Alimtazama dada yake kwa muda wa pumzi moja. Kisha: ishirini.

Kwa nini alimtazama yeye? Sikuwahi kuambiwa.

Jumapili hiyo tulikuwa na mgeni. Bwana alikuwa amemwalika aje ashuhudie hesabu ikitimia, na mwaliko aliutuma kabla mambo hayajaharibika. Mgeni mwenyewe ni Bwana Drummond, katibu wa maktaba. Aliingia na lenzi mfukoni, na uso umekaza kama kamba ya ngoma.

"Nasikia kitabu chako kimetimia, Ludovic," akasema bila kuketi. "Wiki ile ile chetu kilipopungua."

"Unasema nini, Drummond?"

"Nasema nilichosema."

"Yangu imetoka soko la kanisa! Muulize Elspeth!"

"Nitaiuliza picha kwanza. Yetu ina tundu la mdudu kwenye anga."

Bwana Haldane alikuwa mwekundu hadi masikioni. Akamsukumia kitabu. "Tazama! Tazama mpaka uchoke!"

Bi Euphemia akafungua ukurasa. Mara mbili aliupita kwanza, nikadhani ni aibu ya kutukanwa nyumbani. Bwana Drummond akainama na lenzi. Alitazama pembe ya kulia ya anga. Akaigusa kwa kucha, akaitazama tena. 

Bluu yangu ilikuwa nzuri mno. Ilimshinda.

Akanyooka. "Haina tundu," akasema, na uso wake ukalegea. "Ludovic, nisamehe. Nimekukosea heshima. Basi ni yule mlinzi wangu, na huenda picha imeshavuka mpaka zamani. Jumanne nitamwambia hakimu hivyo hivyo."

"Yamekwisha," bwana akasema, naye akaketi. "Euphemia, mmiminie chai. Kisha tuhesabu."

Chai ikamiminwa. Bwana Drummond akatia sukari vijiko viwili. Kaka yangu alikuwa amefungwa kati ya kijiko cha kwanza na cha pili, na sumu ya kumfungia niliichanganya mimi kwa mkono wangu, kwa wanga na rangi ya bluu.

"Moja," bwana akaanza.

"Ipo," Bi Euphemia akaitikia.

"Mbili."

"Ipo."

Nilifikiria chumba changu cha juu, kile kitanda chenye blanketi mbili. Nikafikiria watoto wanne wa Morag. Kumi. Ipo. Kumi na moja. Ipo. 

"Kumi na nane."

"Ipo."

Bwana Haldane akavuta pumzi. Akatabasamu, sijapata kumwona akitabasamu vile.

"Kumi na tisa?"

Bi Euphemia alifungua mdomo, sauti haikutoka. Na hapo mimi nikaangusha kitambaa cha vumbi, nikapita mbele ya mgeni na wenyeji, nikakibeba kitabu.

"Elspeth!" bwana akafoka. "Umepagawa?"

"Niwieni radhi." Nikakipeleka dirishani. Ukungu ulikuwa umeinuka na jua jembamba limetokea, jua la kwetu lile lisilomkausha hata paka. Lilitosha. Nikaisimamisha picha ya kumi na tisa peke yake mbele ya kioo. "Bwana Drummond, njoo utazame sasa."

Akaja. Mwanga ulipita kwenye lile anga, na pembeni, juu ya daraja, doa jeusi likatokea, dogo kama mboni ya jicho. Likatutazama.

"Nani kaziba?" akauliza taratibu.

"Mimi, bwana."

"Kwa nini?"

"Kwa ufundi. Kwa majivuno. Sikujua imetoka wapi. Lachlan Gillanders ni kaka yangu wa tumbo moja, hakuikata."

"Nani basi kaikata?"

Nilikwenda mlangoni, nikaitoa skafu msumarini, nikailaza mezani mbele ya Bwana Haldane, palipopungua pakiwa juu. Nikawasimulia uzi, mate na mshono, kama Mzee Rennie alivyonionyesha.

"Bwana wangu," nikasema, "nilishawahi kuuliza mezani hapa hapa. Nani anachomoa nyuzi?"

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Aliigeuza ile skafu huku na huku kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

"Nilisema panya," akasema. "Nilidhani ni panya. Drummond, mimi ningekualika uje ushuhudie wizi wangu mwenyewe?"

Bwana Drummond aliirudisha lenzi mfukoni. Alikuwa anamtazama, kisha ananitazama mimi, na mimi nikajua nimekosea. Maana macho ya Bwana Haldane hayakuwa na hila hata chembe. Nilikuwa nimemwita mwizi mtu asiyejua anachoitiwa.

Kijiko kikagonga kisahani.

"Nyumba hii haina panya, Ludovic," Bi Euphemia akasema.

Tukageuka sote. Alikuwa ameketi vile vile, wima, mikono imefunika orodha ya picha ambayo kaka yake aliiacha mezani. Yule yule aliyenifungulia mlango. Na nikakumbuka, Mungu wangu, nani alikuwa nyuma ya meza ya karatasi chakavu pale soko la kanisa. Nikakumbuka mkono ulionisogezea lile bunda, na sauti iliyosema, "Chukua hili, Elspeth, litakufaa kwa viraka."

"Nilikuwa na miaka tisa," akasema, wala hakuwa anasema na sisi. "Wewe ulikuwa umelala. Nilimkata yule mtu wa blanketi jekundu nimtoe darajani. Niliona ataanguka. Karatasi iliyobaki nikaitia motoni."

"Phemie," bwana akamwita dada yake. "Basi. Nyamaza."

"Hukunipiga. Laiti ungenipiga. Jumapili zote hizi unafika kumi na tisa, unanyamaza, unanitazama. Mara mbili nilikwenda maktaba, nikakaa mbele ya kile kitabu, mikono ikakataa, nikatoka. Mara ya tatu haikukataa."

Bwana Drummond alikuwa ameshatoa kalamu yake ya risasi. 

Bi Euphemia akainua uso, safari hii akanitazama mimi, kwa upole ule ule wa siku ya kibegi kilicholowa.

"Uliuliza, Elspeth, nami nikakoroga uji," akasema. "Nyuzi nachomoa mimi." Kisha akamgeukia kaka yake. "Na kumi na tisa, Ludovic, ipo."